Mnene Amehama

Ting.

Nilifumbua macho gizani nikasikiliza. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji kama kawaida yake, lakini hilo halikuwa bomba. Ting, tena, kutoka sebuleni.

Nilijua ni nani. Binti yangu ana miaka mitano, na akiamka kabla yangu hunyata mpaka kwenye kochi, ambako gitaa langu la besi hulala kwa ubavu, vilevile ninavyolishika nikipiga. Hufungua zipu ya mfuko nusu tu, huingiza mkono na kuvuta uzi mmoja. Ule ule kila siku, wa chini kabisa, mzito kuliko wote. Yeye ndiye aliyeupa jina: Mnene. Juu ya Mnene kuna Shangazi, kisha Dada, na kileleni Kitoto, mwembamba kama waya wa kukatia sabuni.

Sasa, Mnene hasemi ting. Mnene husema dum, hata bila umeme, dum ya kuingia mgongoni.

"Mama," binti yangu akaita. "Mnene amehama."

"Rudi ulale, mwanangu."

"Amehamia juu. Huku chini kuna Kitoto."

Niliruka kitandani kama niliyeumwa na siafu. Nikawasha taa, nikafungua zipu yote, nikaangalia. Mtoto alisema kweli. Nyuzi zote nne zilikuwa zimepinduliwa, tena kwa ustadi, zinang'aa, zimekazwa vizuri. Gitaa nililichukua jana jioni kutoka kwa Mjomba, ambaye ni fundi wa redio na magitaa. Nilikuta amelifunga kwenye mfuko, yeye mwenyewe ametoka, nami sikulifungua kwa sababu mtoto alikuwa amesinzia begani. Na leo, saa nne asubuhi, nilikuwa natakiwa kwenye bendi ya hoteli, kwenye majaribio niliyoyangoja miaka miwili.

Niseme jambo moja ili nieleweke. Mimi ni mashoto. Nilijifunza besi nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye karakana ya Mjomba, kwa gitaa ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Lilikuwa la mkono wa kulia, kama magitaa yote duniani, inavyoonekana. Nililigeuza tu, nikalipiga juu chini, chini juu. Uzi mzito ukawa upande wa sakafu. Hakuna aliyeniambia ni kosa, na nilipokuja kuambiwa nilikuwa tayari najua kupiga.

Watu wakiniona hunihurumia. "Pole, dada, ungepata la mashoto." Nimelishika la mashoto! Duka zima la ala za muziki lilikuwa nalo moja tu, limetundikwa nyuma ya vinanda kama mgonjwa aliyetengwa, rangi yake kijani ya dawa ya kikohozi. Muuzaji akaniambia, "Hilo hapo, lenu." Lenu! Kama vile sisi mashoto ni kabila. Nikaliweka begani, na nyuzi zake zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, mtu aliyejifunza kwa mwalimu. Vidole vyangu vikapotea njia. Mimi humvuta Mnene kutoka chini kwenda juu, kwa vidole viwili, kama mtu anayenyanyua ndoo, na ndiyo maana sauti yangu ina uzito. Sikukosa gitaa la mashoto hata siku moja. Nilichokosa ni kuachwa nipige nitakavyo.

Karakana ya Mjomba ni chumba kimoja katikati ya saluni na duka la vioo, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nilifika saa moja, mtoto mkono mmoja, gitaa mkono wa pili.

"Hata shikamoo hakuna?" Mjomba akasema.

"Shikamoo. Nani alikutuma uguse nyuzi zangu?"

"Marahaba." Akamgeukia mtoto. "Hujambo, bibie? Kuna biskuti kwenye mkebe wa misumari, siyo mkebe wa skrubu." Kisha akaniangalia mimi, anatabasamu, anasubiri shukrani. "Nilitaka ushtuke."

"Nimeshtuka."

"Umeona kile kipande cha mfupa hapo juu ya shingo, nyuzi zinapopita? Kipya hicho. Nimekuchongea mifereji minne, mmoja mmoja, kwa tupa ndogo. Sasa ni gitaa la mashoto kwelikweli. Yule Kapteni wa bendi leo hana pa kukushikia."

"Mjomba, nilikuletea tundu la waya. Tundu! Lilikuwa linakwaruza. Nilitaja nyuzi mimi?"

"Tundu nalo nimetengeneza."

"Sasa nitapiga nini? Nitapiga wapi? Kila kitu kimehama!"

"Utazoea. Mikono yako myepesi hiyo."

"Kwa saa tatu?"

Tabasamu likaanza kumtoka. Akainua mikono hewani kama mtu aliyeshika gitaa, akaigeuza upande wangu, akavuta uzi usiokuwepo. Vidole vyake vikaenda juu, vikasita, vikashuka.

"Chini," akasema polepole. "Alikuwa chini miaka yote."

"Miaka kumi na mbili. Hapa hapa, mbele ya meza hii."

"Mimi nilidhani unavumilia, mwanangu. Nilidhani ulikosa tu mtu wa kukunyooshea."

Hapo ndipo nilipoona kwamba Mjomba amenisikiliza utoto wangu wote bila kuniangalia. Siku zote alikuwa ameinama kwenye redio ya mtu.

"Rudisha," nikasema.

"Kile kipande nimekibandika kwa gundi ile ngumu. Nikiking'oa kwa haraka kitaondoka na mbao ya shingo. Ni kukipasha moto taratibu, nichonge kingine. Jioni labda."

"Basi hamisha nyuzi tu."

"Mnene hapiti kwenye mfereji wa Kitoto. Najua, mimi ndiye niliyeuchonga."

Nikalia kwa hasira, yale machozi yanayochoma pua. Binti yangu akaniletea nusu ya biskuti yake na kuniwekea mkononi. Mjomba akavaa koti lake, akasema, "Twendeni. Amplifaya nitaibeba mimi." Nilitaka kumwambia abaki na koti lake. Lakini amplifaya yangu haibebwi na mtu mmoja mwenye mtoto, na yeye ndiye aliyeijenga.

Amplifaya hiyo ni sanduku la mbao nene, spika moja kubwa kama sinia, na vitufe vitatu vya kuzungusha: nguvu, besi, ukali. Basi. Siku hizi wanauza vidude vyepesi kama kasha la viatu, vyenye taa za buluu na sauti thelathini za kuchagua, na ukipiga humo besi inatoka kama mtu anayeongea kwa simu akiwa chooni. Besi haianzii masikioni. Inaanzia kwenye nyayo, inapanda magotini, na ikifika tumboni ndipo mtu anagundua kuwa anacheza. Kidude hakiwezi kufanya hivyo. Hakina kifua.

Bendi hufanyia mazoezi kwenye ghala nyuma ya hoteli. Kiongozi wao tunamwita Kapteni, mzee wa tarumbeta mwenye kofia asiyoivua hata akijifuta jasho. Kwa miaka miwili alikuwa ananiita mpiga besi wao akiugua, napiga, kisha narudishwa nyumbani kama kiti cha kuazima. Mwezi uliopita yule mpiga besi aliacha kazi. Nafasi yake tuliitiwa wawili: mimi, na kijana mmoja anayeitwa Mrefu. Mkataba wa mwaka mzima. Nilikuwa nautaka mpaka nauota.

Mrefu alianza. Anapiga vizuri, sitasema uongo. Vidole vyake vinakimbia kama vya karani. Lakini alichomeka waya kwenye kidude kipya cha Kapteni, taa za buluu zikawaka, na ghala likajaa sauti nyembamba kama ya mbu. Mpiga dramu, mama mmoja mnene mcheshi ambaye bendi nzima humwita Dada Mkubwa, alikuwa anapiga huku ameinamisha shingo, anaitafuta besi.

Zamu yangu ikafika. Nikaenda moja kwa moja kwa Mrefu.

"Kaka, niazime gitaa lako."

"Gitaa ni kama mswaki, dada."

"Nitausafisha."

Dada Mkubwa akacheka mpaka kijiti kikamponyoka. Mrefu hakucheka. "Lako lina nini?"

"Limenyooshwa."

Kapteni akaingilia. "Shoto, gitaa lake la mkono wa kulia. Utalifanyia nini?"

"Nitaligeuza, kama siku zote."

"Mimi mambo yako ya kugeuza hunitia kizunguzungu. Nilidhani leo utakuja kama watu."

Kama watu. Nilihisi masikio yanawaka. Dada Mkubwa akasema, "Mpe, Mrefu. Au unaogopa litajifunza tabia mbaya?" Mrefu akalitoa begani kama mtu anayemkabidhi jirani mtoto mchanga. "Wimbo mmoja. Na usiguse vitufe."

Hapo nikakumbuka. Ukiligeuza gitaa, vitufe vya sauti vinakuja juu, chini kabisa ya mkono unaovuta nyuzi. Langu lilikuwa na utepe juu ya vitufe, nilioubandika zamani nikiwa msichana. Nilichomeka waya kwenye amplifaya yangu, nikaanza, na wimbo ulipofika katikati mkono ukateleza na sauti ikazimika, puu, kama taa. Dramu ikabaki peke yake. Mrefu akaangalia dari.

"Inatosha," Kapteni akasema.

"Haitoshi!" nikapaza sauti, na mwangwi ukarudi kutoka kwenye bati. "Nimepigia bendi hii miaka miwili. Umewahi kurudisha pesa za mtu aliyelalamika kwamba besi imesimama kichwa chini? Ngoja nimalize."

Kabla hajajibu, Mjomba akatokea pembeni yangu. Alikuwa ameniangalia wakati huu. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu, mahali hasa ulipogusa. Akatoa utepe wa umeme mfukoni, akakata kwa meno vipande viwili, akavizungushia vitufe.

"Rangi yangu, mzee!" Mrefu akalia.

"Nitaubandua kwa pumzi, mwanangu. Tulia."

Nikaanza upya. Mnene wa Mrefu alikuwa mgeni kwangu lakini alikuwa mahali pake, upande wa sakafu, nami nikamnyanyua kwa hasira yote niliyoamka nayo. Sanduku la Mjomba likavuta pumzi. Binti yangu alikuwa amevua viatu, amesimama mbele ya spika, magoti yanatetemeka, anacheka. Dada Mkubwa akainua shingo. Kapteni akashusha kofia juu ya macho, na nilidhani amechoka, mpaka nikaona mguu wake.

Tulipomaliza alibaki hivyo hivyo chini ya kofia.

"Nisipokuangalia, ni wewe," akasema. "Kazi ni yako. Ila sharti moja. Nyuzi zako ziwe kama alivyozipanga huyo mzee wako, maana ameniambia nje pale. Nakupa miezi mitatu ujifunze upya. Watu wa mbele watazame kitu kinachoeleweka."

Moyo uliruka, ukaanguka. Nilimwangalia binti yangu peku pale. Mwaka mzima wa kazi. Nilikuwa nautaka jamani.

Nikavua mkanda, nikamrudishia Mrefu gitaa lake. "Basi mpe yeye."

Mrefu mwenyewe hakujua aweke wapi mikono.

"Kapteni," Mjomba akasema, "mimi ndiye niliyezipanga hivyo jana. Niliharibu. Usirudie kosa langu, mimi nina miaka sabini na bado limenitia aibu."

"Na mimi," Dada Mkubwa akasema, "sipigi tena na mbu."

Kapteni akavua kofia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona upara wake. Akajipangusa, akairudisha. "Jumatatu saa tatu," akaniambia. "Mimi nitafumba macho. Na lile sanduku lenu lije nalo."

Nilipaswa kufurahi papo hapo. Nilifurahi baadaye, njiani. Lakini hasira haina kitufe, na nilimnunia Mjomba mpaka karakanani. Hakulalamika. Alikipasha moto kile kipande cha mfupa kwa pasi yake ya kuchomea nyaya, taratibu, mpaka gundi ikalegea. Akakitoa bila kuumiza mbao. Akachonga kingine, na kila mfereji aliniuliza kwanza, "Hapa?" nami nikajibu, "Hapo." Kwa neno hilo moja moja tukaanza kuongea.

Jua lilipokuwa linaingia kwa mlango, alimaliza kukaza nyuzi. Hakunipa mimi. Alililaza gitaa kwa ubavu mezani, akamnyanyua binti yangu na kumsimamisha juu ya kigoda.

"Wewe ndiye mkaguzi, bibie."

Mtoto akanyoosha mkono wake wa kushoto, akapeleka kidole chini kabisa, akavuta. Dum. Skrubu zote zikatetemeka ndani ya mkebe.

"Mnene amerudi," akasema.