Barabara ya Hensley Yaja Kikaoni

Saa kumi na moja na nusu jioni, Alhamisi ya kwanza ya Septemba, Wendell Combs alipanga viti sitini katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule, akaweka mezani daftari la mahudhurio, kalamu mbili na ramani ya mgodi. Ulikuwa mwaka wake wa ishirini na saba akipitia maombi ya vibali vya migodi ya wazi kwa niaba ya serikali, na viti alikuwa akivipanga mwenyewe siku zote. Mgongo ulimuuma. Safari hii kampuni ya makaa ya mawe iliomba kuhamisha barabara ya Bonde la Hensley, maana sheria za huku haziruhusu mtu kuchimba ndani ya futi mia moja za barabara ya umma kabla watu hawajasikilizwa.

Watu wa Hensley walikuja na vyakula. Milimani kwetu Kentucky hakuna aendaye mkutanoni mikono mitupu, hata mkutano wenyewe uwe wa kumnyang'anya. Walileta maharage, mkate wa mahindi na keki ya tufaha ya tabaka saba, wakawapakulia hata mawakili wa kampuni, nao wakala na kusifu.

Wa kwanza kusimama alikuwa Bi Orlena Stamper, aliyemfundisha Wendell Biblia utotoni.

"Wendell, mwanangu, sina maneno mengi. Burl wangu anasafishwa damu mjini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwa barabara hii ni maili tisa. Hiyo mnayoichora inazunguka mlima, maili ishirini na tatu, na majira ya baridi inaganda barafu. Hatafika."

"Umeandika, Bi Orlena?"

"Si ndiyo nakwambia?"

"Lazima iwe kwa maandishi. Na sahihi, na anwani."

"Makubwa haya. Kamasi zako nimezifuta kwa mkono huu, leo unaniuliza ninakaa wapi."

Watu walicheka. Wendell naye alicheka kidogo, akampa karatasi.

Ndipo barabara ikaingia. Ilipitia milango ya nyuma, maili mbili za lami iliyobanduka kingo, ikajikunja katikati ya viti, na watu wakainua miguu ipite. Ilikuwa imelowa, kwa kuwa huvuka kijito mara tatu. Kiraka alichokitia Burl mwenyewe mwaka wa mafuriko kilikuwa bado kimeshika.

"Imefuata tangazo," Bi Orlena alisema polepole.

Burl haoni tena herufi ndogo, kwa hiyo kila Jumatano jioni mkewe humsomea gazeti kwa sauti barazani, kuanzia vifo mpaka bei za ndama. Wiki nne mfululizo alikuwa amesoma tangazo la kikao hiki, kwamba wote watakaoguswa na mabadiliko haya wanakaribishwa kufika. Baraza yao iko hatua sita kutoka barabarani, na sauti yake hufika. Alikaa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Wakili wa kampuni, kijana mpole, aliuliza kama barabara ingewasilisha maoni kwa maandishi. Wendell alipekua kanuni ukurasa kwa ukurasa.

"Inatakiwa iwe na anwani ya kupokelea barua," alisema mwishowe. "Hii haina. Hii ndiyo anwani ya watu wengine."

Aliona aibu kulisema, na akaliandika vilevile katika kumbukumbu za kikao.

Saa mbili watu walikusanya sufuria zao, wakarudi Hensley kwa kupita kijitoni, wakilalamikia matope. Barabara ilibaki ukumbini, kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba kikao kimekwisha. Wendell alidhani mfagiaji angeiambia.

Asubuhi yake kampuni ilimtuma mpimaji. Hakukuta barabara yoyote ya umma ndani ya futi mia moja za mgodi, na taarifa yake, yenye picha sita, ilifika mezani kwa Wendell saa tano. Kama barabara haikuwapo, basi hapakuwa na kitu cha kuhamisha, na pingamizi thelathini na moja, ya Bi Orlena ikiwa juu kabisa, hazikuwa na faili la kukaa. Wendell alimpigia simu mkubwa wake.

"Bosi, barabara ipo. Iko ukumbini shuleni, nimeiona kwa macho yangu."

"Kutoka hapo mpaka mgodini ni umbali gani?"

"Maili nane."

"Sasa unanipigia ya nini? Saini kibali, ukale chakula chako."

Angeweza kukataa. Alikaa na kalamu mkononi mpaka saa sita, akaifikiria miaka mitatu iliyobaki kabla ya pensheni, akasaini. Alijisikia vibaya, ila si vibaya vya kutosha.

Baruti zilianza Jumatatu. Burl alizungushwa mlima maili ishirini na tatu kwenda na ishirini na tatu kurudi, mara tatu kwa wiki, mpaka wiki ya pili ya Januari, barafu ilipoifunga njia kwa siku tano.

Wendell alikuwa akienda kukagua bonde linalofuata alipokutana na mazishi. Kwetu maiti akipita, anayetoka upande wa pili huegesha kando na kusubiri mpaka gari la mwisho, hata awe na haraka gani. Aliegesha, akavua kofia. Nyuma yake malori matatu ya makaa kutoka Hensley nayo yalisimama, madereva wakavua kofia zao ngumu. Gari la maiti likapita. Bi Orlena akapita, akamwona, akainua kidole kimoja, ndivyo tunavyosalimiana njiani. Yakafuata magari kumi na manane. Nyuma ya gari la mwisho ilikuja barabara ya Hensley, taratibu, ina alama za viatu vya watoto wa mpira, na kiraka cha Burl kikiwa kizima.

Wendell alisubiri ipite yote. Ilichukua dakika kumi.

Dereva wa lori la kwanza alishuka, akagonga kioo. "Imeshapita, mzee. Twende."

Wendell alimwomba dakika moja. Kwenye kiti cha pembeni lilikuwapo faili la ombi jipya, na ndani yake tangazo la gazetini alilotakiwa kulihakiki, lenye maneno yaleyale ya kuwakaribisha wote watakaoguswa. Barabara iliyoombwa kuhamishwa ndiyo hiyo aliyoegesha juu yake. Kwa hiyo alilisoma kwa macho tu, midomo ameifumba, mpaka mwisho.