Supachaja Iliyomsubiri Royston

Siku Royston Tranter alipopiga simu kutoka Australia kusema kwamba daktari amemkataza kupanda ndege, dada yake Avril alikuwa jikoni anamenya viazi. Alizima jiko, akafuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti akaketi.

"Amekukataza mpaka lini?"

"Hakuna cha mpaka lini, Avril wetu. Ndiyo basi tena. Mapafu hayawezi."

Avril wetu. Ndivyo alivyomwita tangu wakiwa wadogo, kama ndugu wa Cradley, mji wao wa viwanda, wanavyoitana mpaka uzeeni. Wakazungumza kidogo habari za mvua, na za wajukuu wa Royston waliokuwa wanaota meno, kisha wakaagana. Viazi vililala majini mpaka kesho yake.

Avril alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hakuwahi kuolewa. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mkerezaji wa chuma katika kiwanda cha minyororo, mwanamke peke yake kwenye safu ya mashine kumi na mbili, na wanaume waliomcheka mwezi wa kwanza ndio waliokuja kumpelekea kazi zilizowashinda. Alistaafu, lakini hakuhama nyumba ya wazazi wake. Kando ya nyumba ile ilikuwepo gereji ya matofali, na ndani yake MG ya mwaka sitini na saba, ya kijani iliyokolea, viti viwili, paa la turubai. Gari hilo lilikuwa lake nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya Royston.

Walilinunua Avril akiwa na miaka ishirini na kaka yake ishirini na mitatu. Royston ndiye aliyekuwa na maneno na michoro. Avril ndiye aliyekuwa na mikono. Kiangazi hicho walikwenda kutazama mashindano ya magari ya kupanda mlima, wakakaa kwenye majani na mikate yao ya nyama. Kikapita kigari kimoja cha zamani, na juu ya ngurumo ya injini yake wakasikia mluzi mwembamba ukipanda kadiri gari lilivyopanda, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Royston alimshika mkono. Akamweleza kwamba ile ni supachaja, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe, inayoshindilia hewa ndani ya silinda kupita ile ambayo injini ingeweza kuvuta kwa pumzi zake. Walirudi nyumbani wakiuiga mluzi ule mpaka mama yao akawatishia ufagio. Wakaapa kwamba MG yao nayo wataifunga supachaja, ilie vile.

Miaka minne baadaye viwanda vya pale vilianza kufungwa, kimoja baada ya kingine, na Royston akapata kazi migodini, upande wa Perth. Alisema ni ya miaka miwili. Kwenye jukwaa la stesheni, begi liko begani, alimwambia dada yake jambo moja tu: "Supachaja usiifunge bila mimi."

Miaka miwili ikazaa ndoa, ndoa ikazaa watoto, watoto wakazaa nyumba yenye veranda. Alikuja mara mbili, kumzika baba na kumzika mama, siku tatu tatu, na hakuna anayefungua injini siku za msiba. Katikati ya miaka hiyo Avril aliona tangazo la mjane mmoja aliyekuwa anauza vitu vya marehemu mumewe, naye akaenda akarudi na supachaja ameipakata kwenye basi. Alimwandikia Royston. Jibu lilikuja na stempu ya kangaruu: nisubiri. Basi akaizungushia blanketi, akaiweka chini ya kabati la nguo, na kila Krismasi akawa anaitoa, anaidondoshea oili, anaizungusha kwa mkono isije ikaganda. Alifanya hivyo kwa Krismasi ishirini na tisa.

Jumapili iliyofuata ile simu ya Royston, alifungua kabati na kuibeba mpaka gereji. Si kwamba alikuwa ameamua kitu. Alikuwa amekasirika, na hasira ilitaka kazi. Akampigia kaka yake simu ya video, akaisimamisha simu juu ya kopo la rangi.

"Naifunga," alisema. "Wewe kaa hapo unitazame."

Royston alikuwa kwenye veranda, amevaa fulana, mrija wa oksijeni puani. Cradley ilikuwa saa nne asubuhi na baridi ya Aprili. Kwake saa kumi na moja, jua linashuka. Aliitazama supachaja ile kwa muda mrefu.

"Izungushe niione," akasema.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila Jumapili, saa nne. Walianza kwa kuipunguzia injini mbano wa hewa ndani ya silinda, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Avril alifungua silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, akatia pistoni nyingine, zenye vichwa vilivyobonyea. Aling'oa kabureta mbili ndogo, za kuchanganyia petroli na hewa, na kuweka moja kubwa. Bamba la chuma la kuibebea supachaja alilikata mwenyewe, na hapo ndipo walipogombana sawasawa.

Royston alitaka unene wa milimita kumi. Avril alisema kumi na mbili, injini hutikisika. Royston akataja hesabu zake.

"Umeshika chuma lini mara ya mwisho, wewe?" Avril alimuuliza. "Mikono laini kama ya padri."

Royston alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mkewe akatoka ndani kumtazama. Bamba likawa la kumi na mbili.

Mikono ikiwa kazini, midomo nayo ikalegea. Kwa miaka thelathini na saba walikuwa wamepeana kadi na simu za sikukuu. Sasa walisema mambo ambayo hayaandikwi kwenye kadi. Avril aligundua kwamba kaka yake alishawahi kukata tiketi ya kurudi kabisa, mwaka themanini na sita, akairudisha mkewe alipopata mimba. Royston naye aliuliza juu ya siku za mwisho za mama yao. Avril alikuwa chini ya gari wakati huo, na labda ndiyo maana aliweza kusema. Alimwambia kwamba mama, akili ilipoanza kumtoka, kila Ijumaa alipanga sahani tatu mezani na kuuliza kama Royston ametoka zamu.

Avril alipochungulia simu juu ya kopo la rangi, aliona veranda tupu na kiti. Baadaye kaka yake akarudi, macho mekundu, akasema, "Ile bolti ya kushoto, kaza tena kidogo."

Kufikia mwisho wa Juni zilikuwa zimebaki puli, vigurudumu vya kuzungushia mkanda, na mkanda wenyewe. Puli ya supachaja lazima ikae mstari mmoja na ile ya injini. Ikipishana hata unene wa ukucha, mkanda huruka. Avril aliikereza Jumatano kwenye mashine yake ndogo, akaifunga, akalaza rula ya chuma juu ya puli zote mbili. Hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha karatasi. Kazi ilikuwa imekwisha.

Aliketi kwenye stuli. Nje, jirani alikuwa anakata majani. Avril aliiona akilini Jumapili ijayo: injini inawaka, Royston anashangilia, wanaagana, kisha inakuja Jumapili nyingine na gereji iko kimya. Akainuka, akafungua nati, akachukua washa moja nyembamba, kipete cha bati kinachokaa chini ya nati, akaipachika nyuma ya puli. Puli ikasogea nje ya mstari.

Jumapili alimwambia kaka yake kwamba mstari umegoma. Jumapili ya pili alisema labda puli imepinda, itabidi akereze nyingine. Ya tatu alisema hajui. Hakuwa mtu wa uongo. Lakini kila Jumapili aliamka kabla ya saa ya kengele, akapasha chai, akasugua kucha zake kana kwamba anakwenda kanisani.

Ya nne, Royston alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nisogeze karibu na puli," akasema. Avril akasogeza simu. "Kuna washa hapo nyuma."

"Ipo."

"Ulianza kuitia lini?"

Avril alifuta mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Tangu mwisho wa Juni."

"Nilijua," alisema Royston. "Wewe hujawahi kukereza puli ikapinda. Ulivyoniambia imepinda, nikasema, haya, na mimi ninyamaze."

"Kwa nini unyamaze?"

"Avril wetu, unadhani kwa nini nilikuwa nakwambia unisubiri? Mwaka wa tano tu nilishajua kwamba sirudi. Lakini kama ningekwambia endelea, funga, ningekuwa nimehama kweli. Gari likiwa bado halijaisha, nilikuwa nimesafiri tu."

Avril alitaka kumkasirikia. Ilikuwa haki yake. Aliizungusha ile supachaja kwa mkono kwa miaka ishirini na tisa kwa ajili ya neno la mtu aliyejua haji. Alilitafuta neno kali akaliona limekaa karibu, tayari. Kisha akamtazama kaka yake kwenye kioo kile kidogo, mrija umemwacha alama mashavuni.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekwambia, ungeacha kuniandikia."

"Nisingeacha."

"Mimi ningejuaje?"

Halafu Avril akafungua nati, akaitoa washa, akairusha ndani ya boksi la vyuma chakavu. Akafunga puli, akavalisha mkanda, akaupima kwa kidole gumba. Royston hakutoa ushauri hata mmoja.

Injini iligoma mara mbili, ya tatu ikawaka kwa mshindo uliomfanya jirani azime mashine yake ya kukatia majani. Avril alisubiri ipate joto. Alishusha paa la turubai, akaifunga simu kwa skafu kwenye kiti cha abiria, akatoka polepole hadi barabara ya Clent, inayopanda mlima kati ya nyua za miti.

Pale chini ya mlima aliingiza gia ya pili na kukanyaga mafuta. Mluzi ukaja. Kwanza chini kama nyuki ndani ya chupa, kisha ukapanda, mwembamba, safi, juu ya ngurumo, ukampita masikioni na kumshika kifuani. Kiti kilimsukuma mgongoni. Avril alipiga kelele bila kujua anapiga kelele. Akapanda mlima wote hivyo, hata kofia ikaruka nyuma, asirudi kuiokota.

Juu, penye uwazi wa kuegesha, alizima gari na kuigeukia simu. "Umeusikia?"

Royston alikuwa ameiegemea kamera, uso umejaa kioo. "Nimeona miti," akasema. "Nimeona mawingu. Nimekusikia wewe. Mluzi sijausikia."

Alijaribu tena, akashuka na kupanda, simu safari hii ameifunga karibu na boneti. Ikawa vilevile. Simu zile huchuja makelele yanayofululiza ili maneno ya watu yasikike, nayo ilikuwa imeuchuja mluzi ule wote, ikambakizia Royston sauti ya dada yake tu.

Avril aliketi nyuma ya usukani. Watu wawili walikuwa wanapita na mbwa wao. Akangoja wapite. Hawakwenda haraka. Basi akaacha kuwangoja. Akakusanya midomo, akaupiga mluzi ule yeye mwenyewe, akaanza chini, akaupandisha, mwembamba, akaupandisha zaidi mpaka pumzi zikamwishia na macho yakamtoka. Mbwa akabweka. Upande wa pili wa dunia, Royston alifumba macho na kusikiliza.

"Tena," akasema.

Alimpigia mluzi tena. Alimpigia mara nne.

Jumapili iliyofuata saa nne ilimkuta Avril gereji, hana la kufanya. Vyombo vilikuwa vimepangwa, sakafu imefagiwa. Simu haikulia. Saa nne na robo akapiga yeye, na Royston akapokea haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi.

Ikawa vigumu. Waliulizana hali, wakajibiana. Pasipo spana katikati, kila neno lilitaka kubebwa peke yake. Avril akasema hali ya hewa ni nzuri. Royston akasema kwake pia.

"Hapo ulipo," Royston akasema, "dirisha la jikoni linaonekana?"

"Linaonekana."

"Nipeleke."

Avril aliichukua simu, akavuka kiwanja kidogo cha nyuma, akaingia jikoni. Njegere na nyama ya nguruwe vilikuwa vinatokota. Akaielekeza simu dirishani, kwenye sinki, kwenye meza, kwenye viti. Royston akamwambia aende polepole, asiruke kitu; vyumba vingine vingengoja Jumapili zijazo.