Dakika Nne Nyuma ya Shuka

Kulow aliiangusha shuka juu ya televisheni kabla mtu wa kwenye picha hajafika kitandani, akazungusha kitufe cha sauti mpaka ikazimika, na ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja. Watu sitini na ushei, waliobanana kwenye mabenchi ya mbao chini ya bati lililokuwa likialika kwa joto la alasiri, wakabaki wakitazama kitambaa cha buluu chenye madoa ya chai.

“Funua, bwana!” akapaza sauti mmoja wa nyuma. “Angalau tuone miguu!”

Wakacheka. Kulow hakucheka. Alikaa kwenye kreti lake la soda kando ya televisheni, hadhira ameipa mgongo, akingoja dakika nne zipite. Zilipopita akaiondoa shuka, akaikunja magotini, akairudisha sauti.

Desturi hiyo ilikuwa na miaka sita. Kulow alipokwenda kuwaomba wazee wa mtaa ruhusa ya kufungua ukumbi wa video nyuma ya soko, walimsikiliza, wakanywa chai yake, wakanong’onezana, kisha wakamwambia aonyeshe picha azitakazo, lakini mwanamume na mwanamke wakikaribiana, afunike. Hawakusema wakaribiane kiasi gani. Kulow, mtu asiyependa matata, aliamua mwenyewe kwamba hatua mbili zinatosha. Basi kila kanda mpya ilipoletwa na basi la Nairobi, alijifungia nayo asubuhi peke yake, akaitazama mwanzo hadi mwisho ili ajue pa kufunika. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba katika Garissa nzima ni yeye tu aliyeiona sehemu ya tatu ya Masikio ikiwa kamili.

Masikio halikuwa jina lake. Kwenye jalada aliandikwa jina refu la Kizungu lililowashinda watu kulitamka, wakampa la kwao. Alikuwa mtu wa kawaida kwa kumtazama, mwembamba, mwenye koti la kijani, ila alisikia kilio cha yeyote, popote alipo duniani, akapaa kwenda kumwokoa. Katika sehemu ya kwanza alimsikia mtoto chini ya jengo lililoporomoka. Katika ya pili aliusikia mji mzima ukilia kwa wakati mmoja, na hakumwacha hata mtu mmoja nyuma. Garissa ilimpenda kupita kiasi. Kisha, mwishoni mwa mwaka uliopita, ikaja ya tatu. Masikio anaingia chumbani, kuna kitanda, kuna mwanamke, shuka inaanguka. Shuka ikiondoka, Masikio amekaa kwenye ngazi za nje, dunia inamlilia kutoka pande zote, naye hainuki. Anakaa hivyo karibu saa nzima!

Picha ilipokwisha siku hiyo ya Alhamisi, mashabiki wakahamia kwa Shamis, mama wa chai wa mkabala na ukumbi, wakaanza mabishano yale yale ya kila wiki. Kulow aliwafuata kwa sababu chai yake ilikuwa huko.

“Hii mtu yetu imeharibika,” alisema Korane, dalali wa ngamia mwenye ndevu za hina. Alizungumza Kiswahili kwa heshima ya Mwalimu, ambaye alitoka bara na hakujua Kisomali. “Wallahi imeharibika. Ameingia chumba ya mwanamke, ametoka, hasikii tena. Ngamia dume akizeeka anakaa tu kucheua, hiyo mimi naelewa. Lakini huyu bado kijana!”

“Usimlaumu mwanamke, mzee wangu,” Mwalimu alijibu. “Walaumu watunzi. Ya kwanza ilitungwa na watu wenye moyo. Hii imetungwa na watu wenye haraka. Mtu anabadilika ghafla, bila sababu, halafu sisi tukubali tu? Hapana. Wameishiwa.”

“Na ya nne?” Korane akauliza.

“Nasikia imeshafika Eastleigh, kule Nairobi. Mwigizaji wamembadilisha.”

“Astaghfirullah!” Korane akaiweka bilauri chini. “Mtu mwingine ndani ya koti lile lile? Waryaa Kulow, usituletee! Tuione hii ya tatu kesho, mara ya mwisho, kisha tukate shauri. Ama ya nne iletwe, ama Masikio tumzike.”

Kulow akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka, uchovu ambao usingizi hauuondoi, na mabishano haya yalimchosha zaidi kwa sababu kila mtu alikuwa na haki kwa kadiri ya alichoonyeshwa.

“Sababu ipo,” ikasema sauti iliyokuwa kimya tangu mwanzo.

Alikuwa Abdishakur, dereva wa lori la maji huko Dadaab, ambaye kila Alhamisi alikuja mjini kulala kwa ndugu zake. Alikuwa pia kaka wa Kaaha, mke wa Kulow, aliyefariki mwaka uliopita, wakati mafuriko yameikata barabara na homa imeijaza hospitali. Tangu siku ya mazishi, mashemeji hawa wawili walikuwa na mazungumzo ya aina moja tu. Abdishakur alitoa salamu, akauliza, “Kuna kanda mpya?” Kulow alijibu ipo, au haipo. Ujamaa wa miaka kumi na minne ulikuwa umebaki kuning’inia kwenye swali hilo, na Jumamosi alfajiri hata hilo lingekwisha, kwa kuwa Abdishakur alikuwa amehamishiwa Mandera.

“Huyo mtu ni mwoga,” Abdishakur alisema, akiitazama bilauri yake. “Ndiyo sababu. Kuna watu wanasikia wakiitwa na bado hawaendi. Hujawahi kuwaona, Mwalimu? Mimi nimewaona.”

Korane akajikuna ndevu. Shamis akageukia jiko lake kana kwamba moto umemwita. Mji mzima ulijua kwamba siku Kaaha alipokata roho, mumewe alikuwa ukumbini akionyesha picha. Abdishakur akanyanyuka, akaaga watu wote kwa pamoja, akaenda zake.

Lau wangemuuliza Kulow, angewaambia kwamba alikwenda. Ujumbe ulipomfikia mchana ule, aliuacha ukumbi wazi, akavuka mji kwa miguu kwenye matope yaliyofika kwenye vifundo, akafika wodini. Mlangoni palikuwa na pazia. Nyuma yake alimsikia Kaaha akikohoa, akamsikia akiomba maji, akamsikia kaka yake akimwambia haya, kunywa kidogo. Hatua tatu tu! Kulow alisimama pale, mkono ameunyoosha, na miguu ikamgomea. Aliogopa. Hapakuwa na neno lingine la heshima la kulipamba jambo hilo. Aliogopa kuuona uso ule ukimuaga, akaogopa zaidi kwamba atalia mbele ya watu, akasimama mpaka adhana ya alasiri, kisha akageuka. Hakujua pa kuupeleka mwili wake. Akaupeleka kwenye kreti la soda, akawasha mashine, na watu wakaja, wakakaa, wakatazama. Aliyekuja kumpa habari alimkuta ameishika shuka.

Miezi ilipita, ikaja sehemu ya tatu. Asubuhi ile alipojifungia nayo alimwona Masikio akielekea kitandani, akaandika dakika kwenye kikaratasi chake, kama kawaida. Kisha akaona kwamba hapakuwa na la aibu. Mwanamke alikuwa mgonjwa, amekonda, nywele zimempukutika. Masikio alipiga magoti, akaulaza upande mmoja wa uso wake juu ya kifua cha mkewe, na sikio lile lililosikia dunia nzima likakaa likisikiliza jambo moja tu. Likasikiliza mpaka halikusikia kitu. Hakuna maneno katika dakika hizo nne, wala Kiingereza cha kumshinda mtu. Kulow aliizima mashine. Alikaa gizani kwa muda, mlango umefungwa, jua likiingia kwenye matundu ya bati. Alasiri ile ile aliifunika. Tangu hapo alikuwa ameifunika mara ishirini, akiacha watu waamini wanachotaka, akamwacha Masikio aitwe mzinzi, mvivu, ngamia mzee na sasa mwoga.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, ukumbi ulifurika. Korane alikaa mbele kama kadhi. Mwalimu alikuja na daftari, mtu wa ajabu yule. Abdishakur aliingia wa mwisho, akasimama nyuma karibu na mlango, mikono ameifunga kifuani.

Kulow aliisukuma kanda ndani ya mashine. Picha ikaenda. Watu walizungumza, wakatafuna njugu, wakamwambia Masikio mapema kwamba leo ndiyo hukumu yake. Masikio akaingia sebuleni, akafungua mlango wa chumba. Kulow akaishika shuka. Vidole vyake vilijua kazi, vikaukunjua upindo. Masikio akapiga hatua moja, akapiga ya pili.

Kulow hakunyanyuka.

“Kulow!” Korane akamzindua. “Waryaa, funika! Umelala?”

“Shuka, Kulow! Wazee watatufungia!”

Mtu mmoja akainuka kwenda kufunika mwenyewe, na hapo ndipo wakamwona mwanamke. Yule mtu akabaki amesimama nusu. Kelele zikakatika upande wa mbele, kisha katikati, zikaisha kabisa. Kwa dakika nne ukumbi ule ulikuwa kimya kuliko msikiti, hata njugu hazikutafunwa. Sauti pekee ilikuwa pumzi ya mgonjwa kwenye spika ya televisheni, ikipanda na kushuka, ikichelewa, ikichelewa tena. Kulow aliitazama yote. Machozi yalimtoka mbele ya watu, aibu aliyoikimbia mwaka mzima, na hakuyafuta. Wala hakuna aliyekufa kwa kuyaona.

Masikio alipotoka na kukaa kwenye ngazi, dunia ikimlilia, hakuna aliyemwambia ainuke.

“Inna lillahi,” Korane alisema polepole, akiiambia televisheni.

Picha ilipokwisha watu walitoka kwa adabu, kama watokao matangani. Lakini walipofika nje hawakuweza kujizuia, na baada ya muda mfupi sauti zao zikasikika kutoka kwa Shamis. Mwalimu alikuwa akikiri kwamba sababu ilikuwepo. Korane alikuwa akiapa kwamba yeye tangu zamani alisema ya tatu ndiyo bora kuliko zote, na kwamba ya nne iletwe upesi, hata kama wamemvisha koti mtu mwingine, kwa sababu haiwezekani mtu aachwe ameketi kwenye ngazi vile.

Abdishakur hakutoka. Kulow alichukua muda mrefu kuizungusha kanda kuirudisha mwanzo, akijua yupo. Mwishowe akasema, bila kugeuka:

“Siku ile nilifika. Nilifika mpaka mlangoni, seeddi, shemeji yangu. Nilimsikia akiomba maji.”

Akaikunja shuka.

“Sikuingia. Niliogopa. Hiyo ndiyo habari yote, sina nyingine.”

Alingoja tusi. Badala yake alisikia benchi likiburutwa, na shemeji yake akakaa.

“Nilikuona,” Abdishakur alisema.

Kulow akageuka.

“Pazia lilikuwa fupi. Niliviona viatu vyako na matope yake. Mwaka mzima nakungoja uniambie mwenyewe, nawe unaniambia habari za kanda. Kanda, kanda, kanda! Ningekwenda Mandera na hasira hii.”

“Mbona hukuniita?”

“Nilitaka. Nilikuwa nimeshainuka.” Abdishakur aliyasugua macho yake kwa kiganja, mtu aliyeendesha lori katika vumbi siku nyingi. “Kaaha akanishika mkono. Alikuwa ameviona kabla yangu. Akaniambia, ‘Mwache hapo hapo, usimwite. Namjua. Akisimama hapo inanitosha.’ Akawa anavitazama. Wewe ulipoondoka, akafumba macho.”

Kulow alikaa chini, palepale sakafuni, kwa kuwa kreti lilikuwa mbali. Nje Korane alikuwa bado anabisha. Mashine ilifika mwanzo wa kanda, ikajizima yenyewe.

“Alisema nini kingine?” aliuliza hatimaye.

“Wakati gani?”

“Siku ile. Yote. Sikuwepo, Abdishakur. Niambie tangu asubuhi.”

Abdishakur alitazama saa yake, akatazama mlango, akazivua ndara zake na kuzisukuma chini ya benchi.

“Asubuhi,” akasema, “aliamka akitaka uji.”