Kiwele Kilichobaki kwa Munyiva

Munyiva alimfunga ng'ombe wake Kasyoka miguu ya nyuma, akakiosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akapaka chuchu mafuta, akaanza kukamua. Ilikuwa Jumamosi asubuhi pale Masii, mwaka ule baada ya mvua ya El Nino, na majani yalikuwa bado tele. Kiwele kilikuwa kidogo, kimeshikana na tumbo, kila chuchu imekaa kwenye kona yake. Ndoo ilipojaa, kilinywea kikawa kama mfuko mtupu. Marehemu mumewe, Reuben, alikuwa akimwambia hicho ndicho kiwele cha maziwa. Kinachobaki kimevimba baada ya kukamuliwa ni nyama tu.

Mchana shemeji yake Kitheka alifika kutoka Athi River, alikokuwa akishona nguo kiwandani. Alipofungua lango, kiwele kilianza kukua. Kilifika magotini, kikapita magoti, hadi chuchu zikawa zinachora mistari vumbini. Ilikuwa hivyo kila Jumamosi tangu Reuben azikwe. Munyiva alikikamua mbele yake, akapata kikombe kisichojaa, na kiwele hakikupungua hata kidogo.

Kitheka hakujali kikombe. Alikitazama kiwele, akameza mate.

"Mama Ndinda, hii ng'ombe ni ya nyumba yetu. Ndugu yangu ndiye alinunua."

"Na mimi ndiye nimeilisha, Baba Lenny. Niko na hii peke yake."

Wazee wa ukoo waliitwa. Walikunywa chai yenye maziwa ya Munyiva, wakakubaliana na Kitheka kabla vikombe havijapoa.

Wazee hawakumchanganya Munyiva, aliwazoea. Aliyemchanganya ni Kasyoka. Kama alitaka kubaki, mbona hakujifanya mkavu mbele ya Kitheka? Na kama alitaka kwenda, mbona maziwa yote alikuwa akimwekea yeye? Aliligeuza jambo hilo huku na huku hadi akachoka. Moyo ulimuuma sana, na hakujua amkasirikie nani. Jioni hiyo Kitheka alimswaga ng'ombe hadi kwake ng'ambo ya mto, chuchu zikiburutika njia nzima.

Kesho yake Munyiva, kwa mazoea, alichukua ndoo akaenda zizini. Alikikuta kiwele, kile kidogo. Kilikuwa kinaning'inia pale pale pa siku zote, juu kidogo ya goti lake, bila ng'ombe. Alirudi jikoni kuleta maji ya vuguvugu.

Ndoo ilijaa. Jirani yake Mumbua alikuja na chupa yake ya maziwa, akachungulia zizini, akasema afadhali hicho hakitamsumbua kukatiwa majani.

Jumamosi iliyofuata Kitheka alikuja amenuna. Kasyoka alikuwa na kiwele cha kufagia uwanja, alisema, na hatoi hata maziwa ya kutia rangi chai. Alipokiona kile cha zizini alikishika kwa mikono miwili, akavuta. Hakikukua, wala hakikusogea. Basi wazee wakaitwa tena. Walikizunguka, wakakiinamia, mmoja akauliza kama kinaoshwa vizuri, Munyiva akajibu kila siku. Kisha wakaamua: kiwele ni cha ng'ombe, na ng'ombe ni wa Kitheka, kwa hiyo maziwa yapelekwe kwake.

"Na mimi?" Munyiva aliuliza.

"Wewe endelea kukamua, mama. Hiyo kiwele imekuzoea."

Asubuhi Munyiva alikunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa, akakiosha kiwele, akakamua mpaka kikanywea. Alimimina maziwa yote kwenye mkebe, akavuka mto. Uwanjani kwa Kitheka, Kasyoka alikuwa akijikokota na mzigo wake wa nyama. Alimtazama Munyiva, akaendelea kutafuna.

Mke wa Kitheka aliupokea mkebe, akamkaribisha aketi, akamchemshia chai. Ilikuwa na maziwa mengi. Munyiva aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, asijue anashukuru nini.