Blogu Iliyosubiri Hodi

Mhariri wa gazeti la akina mama aliniandikia maneno machache tu: "Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi nitafungua blogu yako. Nikikuta makala mpya, tutazungumza kuhusu safu ya kila wiki. Mwandishi asiyetunza wakati simtaki."

Safu ya kila wiki! Nilisoma mara saba, nikamrusha binti yangu Kijino juu juu mpaka akanicheulia begani.

Shida ni kwamba saa hizo niko kazini, kwenye chumba cha kushonea sare, na simu zetu zote hulala kwenye droo ya msimamizi mpaka saa ya chakula. Kwa hiyo huandika jioni, kisha naipangia blogu saa ya kutoa makala yenyewe. Nayo ilikuwa haitoi kwa wakati! Saa yake ikipita, wifi yangu akifungua anakuta ile ya juzi imekaa pale pale kama mgeni asiyeaga. Akifungua mara ya pili, hii hapa mpya.

Mchawi nilishamjua. Mama mkwe na wifi walikuwa wakiifungua asubuhi nzima, eti wanichungulie nimeandika nini. Nikaona wanaielemea. Nikawapiga marufuku: asiguse mtu kabla ya mchana. Basi ikawa mbaya zaidi. Mwanzo ilichelewa dakika chache, sasa ikawa saa nzima nzima, mpaka niifungue mwenyewe mchana.

Alhamisi, kwenye masomo ya jioni, nikamweleza mwalimu wa kompyuta.

"Asubuhi nani huifungua?" akauliza.

"Hakuna, mwalimu. Nimewakataza wote."

Akavua miwani, akacheka mpaka darasa zima likageuka. "Mama Kijino, umemfungia nje mwenye ufunguo! Blogu kama yako haiamki yenyewe. Mpaka mtu abishe hodi ndipo inashtuka, inatazama saa, inatoa makala. Anayebisha wa kwanza huona ya zamani. Wa pili ndiye huona mpya."

Nikainuka kitini. "Mhariri akiwa wa kwanza, je?"

"Ataona ya juzi, afunge, aende zake."

Sikungoja kengele. Nilifika nyumbani nahema, wifi anamlisha Kijino.

"Wifi yangu, kesho makala inatoka saa tatu kamili. Ikifika na dakika tano, ifungue. Nakuomba."

"Lo! Juzi ulitufukuza kama ndege kwenye mtama. Leo tumekuwa watu?"

"Nisamehe, nilikosea."

"Na mimi je?" mama mkwe akadakia kutoka chumbani. "Herufi sizioni, lakini kidole kinabonyeza!"

"Mama, wewe ndiye jemadari. Utangulie, wifi afuate."

Ijumaa nilishona huku natazama ukutani. Saa tatu na dakika tano kwenye saa ya ukutani, nikashona kola juu chini.

"Wewe, leo unashona au unasafiri?" msimamizi akauliza.

"Nashona, bosi," nikajibu, nafumua. Saa tatu na nusu ikaja, ikapita. Droo ile nikaitazama kama mtoto anavyotazama chungu jikoni.

Saa ya chakula nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya simu. Nikakuta ujumbe wa sauti wa mama mkwe, nyuma yake vichanga wanalia, kwa kuwa yeye na wifi walikuwa wamempeleka Kijino kliniki kupimwa uzito.

"Mwanangu, nimefungua, wifi yako akatazama, akasema ni ile ile ya zamani. Nikaitukana. Naye akafungua yake, mpya hiyo! Nikaona isije ikasinzia tena. Hapa benchi limejaa akina mama, nimewaamuru wote wafungue. Mmoja amesoma ulivyoandika kuhusu mtoto kuota jino la kwanza, ametokwa na machozi. Sasa wanabishana humo humo kwa kuandika, hawasikii hata wakiitwa kwenye mizani!"

Chini yake, ujumbe wa mhariri: "Saa tatu na nusu nimeikuta, na chini yake maoni kumi na moja. Hao wasomaji umewatoa wapi? Jumatatu niletee makala nne, tuanze."

Nilipiga kelele pale kwenye kiti changu, cherehani mbili za wenzangu ambao hawajaenda kula zikasimama. Msimamizi akaja mbio akidhani nimejichoma sindano.

"Nimepata safu, bosi! Gazetini!"

Akaniangalia, akaangalia kola niliyofumua, kisha akanipa kalamu yake ya sikioni. Nikageuza karatasi ya mchoro wa shati, nikaanza ya kwanza kati ya nne hapo hapo, chakula kikipoa.