Feni Siku ya Taa

Siku kaka yangu Raghavan alipomleta mkewe nyumbani, mimi ndiye niliyewasha feni. Nalisema leo, baada ya miaka sita, na uso bado unanichoma.

Kwetu Palakkad, kusini mwa India, mama mkwe humkabidhi bibi harusi taa ya mafuta mlangoni, tambi zikiwa zinawaka, naye huingia nayo kwa mguu wa kulia mpaka chumba cha sala. Feni zote huzimwa kwanza. Mimi nilikuwa nimebanwa na sari ya hariri, jasho linanitiririka mgongoni, nikaona ah, ameshapita. Nikabonyeza swichi. Sreelatha alikuwa hajapita. Taa ikamzimikia mkononi mbele ya ukoo mzima.

Hakuna aliyetazama juu. Wote walimtazama yeye. Shangazi mmoja akasema, "Haya, tumeletewa giza." Nikaizima feni polepole, nikatulia kama sikuwapo. Mwezi ule nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya kuachwa na mume, watu wamenisema mpaka wamechoka, na sikutaka kuwapa jipya.

Siku kumi na moja baadaye baba alianguka bafuni akafa. Daktari alisema ni moyo. Mama alisema ni mkosi wa mkwe. Tangu hapo Sreelatha huisugua taa ile kwa ukwaju mpaka ing'ae, husokota tambi, huijaza mafuta ya ufuta. Kuiwasha, hapana. Jua likizama huiwasha mama, au mimi. Mimi! Najitia uso wa ibada, na yeye amesimama kwenye mlango wa jikoni.

Juzi binti yake Malu, mwenye miaka minne, alitaka kuwasha yeye. Alishanyoosha mkono kuchukua kiberiti, mama akamchapa.

"Toa mkono huo! Mkono wa mamako huo. Unataka kutuulia nani tena?"

Mtoto akautazama mkono wake, akauficha nyuma ya gauni. Hapo nikashindwa.

"Mama, ni mimi. Siku ile niliwasha feni. Sreelatha hana kosa lolote."

Mama alinitazama. Nilingoja kofi, na kwa kweli nililitaka.

"Omana," akasema, sauti imelainika, "mwanangu una moyo wa ajabu wewe. Unajipaka matope hivi kwa ajili ya wifi yako?"

"Sijipaki kitu, mama! Nilibonyeza kwa kidole hiki hiki."

"Basi, basi. Miaka sita ukae kimya, leo ndiyo ukumbuke feni? Mimi ndiye niliyekuzaa, huwezi kunidanganya." Akageukia jikoni. "We Sreelatha! Hebu njoo. Umesikia mwenzio anavyokubebea? Wangapi wana wifi kama huyu? Mguse miguu umshukuru."

"Mama, nakuomba, usimwambie hivyo."

"Nyamaza. Anajua adabu."

Sreelatha alitoka akijifuta unga wa mchele mikononi. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Alinitazama usoni, kwa muda, na nikaona kwamba yeye ameamini kila neno langu. Kisha akainama akanigusa miguu, mmoja baada ya mwingine, na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama pale nikamwacha.