Mililita Ishirini kwa Lita

Nilianza rasmi kumdharau shemeji yangu siku niliyomkuta amechuchumaa uani, anapima oili ya jenereta kwa kikombe cha dawa ya kikohozi. Kile cha plastiki chenye mistari pembeni, cha kunyweshea watoto. Alikiinua usawa wa jicho, akafumba jicho la pili, akangoja oili itulie kwenye mstari, kisha akaimimina ndani ya kidumu cha petroli na kukigonga kikombe kwa ukucha ili tone la mwisho lisipotee. Mbele yake alikuwa ameweka karatasi ya maelekezo, na juu ya karatasi jiwe, isipeperuke.

"Mililita ishirini kwa lita moja," aliniambia, wala sikuwa nimemuuliza. "Wameandika hapa."

"Wameandika," nikamwitikia.

Mimi ni fundi pikipiki. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na saba kazini, na weusi uliokwisha ingia kwenye mistari ya viganja usitoke kwa sabuni yoyote. Niliamini kwamba aliyejifunza injini kwenye karatasi ni sawa na aliyejifunza kuogelea kitandani. Yeye alikuwa mwalimu wa jiografia. Alijua mito ya mabara yote, na ukimpa spana aliishika kama kijiko. Mtaani walimwita Mwalimu kwa heshima. Mimi nilimwita hivyohivyo, ila jina nililitamka tofauti. Na huyu ndiye aliyemuoa mdogo wangu.

Jenereta yenyewe sikuipa heshima zaidi. Ilikuwa kimoja cha vile vidude vya bei ya chini vyenye mpini juu, ambavyo unavibeba kwa mkono mmoja na kelele zake zinasikika mtaa wa pili. Haina mahali pake pa kutia oili. Oili unaichanganya humohumo kwenye petroli na injini inazinywa pamoja. Pikipiki ninazotengeneza zinaweka oili yake mbali na petroli, chini tumboni, na ukizidisha kidogo hazikwambii kitu. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo, na niliiona inatosha.

Mdogo wangu alikuwa ametoka kuacha kazi ya udobi hotelini. Miaka tisa ya mvuke na mashuka ya watu asiowajua, chini ya msimamizi aliyemhesabia hata safari za chooni. Alinunua mashine ya kutotolesha vifaranga, kabati jeupe lenye kioo mlangoni, akaiweka chumba cha nyuma na kupanga ndani yake mayai mia mbili na arobaini. Msimamizi alipopokea barua yake alimwambia atamshikia nafasi mwezi mmoja, kwa kuwa wengi huondoka na wengi hurudi.

"Kaka, hawa wakitoka salama, sirudi kule," aliniambia. "Wakifa, narudi. Sina njia nyingine."

Mayai huchukua siku ishirini na moja. Siku ya kumi na saba transfoma ya mtaa iliungua, na mafundi wa umeme wakasema tuhesabu siku tano. Basi ile takataka ikawashwa, ikawekwa uani mbali na dirisha, waya ukapitishwa chini ya mlango. Mwalimu ndiye aliyechanganya mafuta, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na alikuwepo kutwa nzima. Mimi nilipita asubuhi na jioni kukagua, kama daktari anayepita wodini.

Na kila nilipopita, Mwalimu akigeuza kisogo, nilichukua chupa ya oili na kuongeza kwenye kidumu chake. Sikupima. Nilimwaga kwa mkono, mafunda mawili, siku nyingine matatu. Nilijiambia naiokoa injini na ubahili wa mtu wa vitabu. Kwa kweli sikuvumilia kuona kipimo chake kikifanya kazi.

Moshi ukaanza kuwa wa buluu, mzito, unaokaa kwenye nguo.

"Shemeji, mbona moshi umezidi?" Mwalimu aliniuliza siku ya kumi na tisa. "Au nazidisha oili?"

"Vijenereta hivi ndivyo vilivyo," nikamwambia. "Wewe pima tu, mambo ya moshi tuachie sisi."

Akacheka, akashukuru. Alikuwa mtu wa kushukuru ovyo, na hilo nalo nililihesabu kama upungufu.

Jioni hiyo mdogo wangu alituita chumba cha nyuma, akatuambia tuweke masikio kwenye kioo. Walikuwa wameanza kulia ndani ya maganda. Sauti ndogo, nyingi, kama mvua inayoanza kwenye bati la mbali. Mdogo wangu alisimama katikati yetu, mkono mmoja mdomoni. Mwalimu akavua miwani na kufuta macho. Nikamwangalia mtu mzima anayelia kwa ajili ya mayai, nikatoka nje kuvuta hewa.

Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, jenereta ilikohoa mara mbili na kuzima. Kulikuwa na manyunyu na upepo wa baridi tangu alfajiri. Walinipigia simu, nikafika ndani ya robo saa, nikiwa na mfuko wa spana na uso wa mtu aliyetarajia kuitwa. Mwalimu alikuwa amevuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kimechubuka.

Nikafungua plagi, ile inayorusha cheche ndani ya injini. Ilitoka imelowa, nyeusi, imegandwa na masizi ya oili mpaka ncha yake haionekani. Hata mwanafunzi wa wiki mbili gereji angejua: oili imezidi, tena imezidi sana. Dawa yake ilikuwa sentensi moja. Mwageni mafuta yote, nendeni kituoni mkachukue petroli mpya, changanyeni kama karatasi inavyosema. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni nini, kaka? Niambie tu. Nini kimeharibika?"

Nikaipitisha plagi kwenye suruali, mara moja, mara mbili, ndipo nikageuka.

"Imekauka," nikasema. "Injini imekosa oili. Muulize mwenye kikombe."

Hakumuuliza. Alimtazama tu. Na Mwalimu, ambaye alikuwa na karatasi mfukoni, ambaye angeweza kuitoa na kunisomea mstari kwa mstari, alisema polepole, "Basi mimi ndiye niliyekosea. Niongeze kiasi gani, shemeji?"

Nimeyarudia maneno yake mara nyingi kuliko sala. Pale nilikuwa na nafasi ya pili, na ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Nikamwambia aongeze vikombe viwili. Akaongeza vikombe viwili kwenye mafuta ambayo tayari yalikuwa yananata.

Injini iliwaka, ikaenda dakika sita, ikafa. Nikafuta plagi, ikaenda dakika nne. Kipima joto kwenye kioo kikawa kinashuka. Mdogo wangu na mumewe wakaanza kuchemsha maji jikoni na kuyatia kwenye chupa, wakizipanga katikati ya trei. Na kila walipofungua mlango kubadilisha chupa, unyevu ulitoka na baridi ikaingia. Mwalimu alikimbia na sufuria kati ya jiko na chumba, mguu mmoja peku, kandambili imemkatikia njiani na hakurudi kuiokota. Mimi nilichuchumaa uani, nikajifanya nahangaika na kabureta isiyo na kosa lolote.

Saa nane nilisema naenda gereji kutafuta plagi nyingine. Nilikwenda. Nilinunua petroli njiani, nikajifungia na bomba la sindano, nikapima mililita ishirini kwa lita moja, nikifumba jicho moja. Nikarudi, nikasubiri wote wawili wawe ndani, nikamwaga yale mafuta ya zamani mferejini. Nikafungua bomba la moshi na kukwangua masizi yaliyoziba tundu. Saa kumi na moja kasoro jenereta iliwaka kwa mvuto wa kwanza na kuunguruma vizuri, moshi wake mwepesi hauonekani. Mdogo wangu alitoka mbio, akanishika mabega.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mwaka huu inatimiza miaka kumi na miwili, na bado naitembea.

Vifaranga tisa walitoka. Wengine walikuwa wametoboa ganda kisha wakakaukia palepale, mdomo nje. Mwalimu ndiye aliyewaondoa, mmoja mmoja, hakukubali mkewe awaguse. Alipomaliza alinawa, akaja akasimama mbele yake sebuleni.

"Mke wangu, nisamehe. Ni mimi na ujuaji wangu."

"Yameisha," akamwambia. "Hukukusudia."

Nami nilikuwa nimekaa kwenye kochi lao, nimeshika kikombe cha chai yao. Nimewahi kudharau watu wengi: wateja wanaobana hata pesa ya nati, mafundi wanaofunga kwa nyundo, na Mwalimu kuliko wote. Jioni ile nilijaribu kumdharau tena, kwa mazoea, nikaona hapana pa kushika.

Jumatatu iliyofuata nilipita kwao mapema. Umeme ulikuwa umerudi. Mdogo wangu alikuwa anapiga pasi sare ya hotelini, ile ya kijivu, akinyoosha ukosi kwa kidole kabla ya kuupitishia pasi. Alikuwa amekwisha zungumza na msimamizi. Nafasi ilikuwepo bado. Alinisikia mlangoni, hakugeuka.

"Kaka," alisema, "sikupata nafasi ya kukushukuru. Siku ile usingekuwepo wewe, hata hawa tisa nisingewapata."

Mwalimu alikuwa mezani, anakula. Akaitikia kwa kichwa, kwa moyo wote.

"Ndiyo kazi yangu," nikamjibu.